"Sijapata hata kichwa kuuma": dawa ya presha iliyonunuliwa mtandaoni

SWALI: Nina miaka 52 na natumia amlodipine ya miligramu 5 kwa ajili ya presha. Mwezi wa nne sasa naagiza mtandaoni, kwa kuwa bei ni nusu ya famasi na hawadai cheti cha daktari. Boksi ni lile lile, vidonge vinafanana, na tangu nianze sijapata hata kichwa kuuma. Safari hii muuzaji ameniongezea bure kichupa cha vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene. Mke wangu ana wasiwasi. Je, kweli kuna sababu ya kuacha?

JIBU: Ipo, na mke wako ameiona kabla yako.

Kwa bei sikulaumu. Dawa ya kumeza kila siku mpaka uzeeni ni mzigo, na wengine wanaagiza kwa kukimbia foleni au aibu ya kutaja tatizo lao huku mtu wa nyuma akitega sikio. Kinachonikera ni hilo la "sijapata hata kichwa kuuma". Nalisikia dirishani hapa famasi karibu kila wiki, tena kwa uhakika wa mtu aliyetoka maabara.

Presha kwa kawaida haiumi. Kidonge chenye dawa kamili na kidonge cha wanga mtupu, ukivimeza asubuhi, vyote utavihisi sawa: hutahisi kitu. Isitoshe, amlodipine hutoka mwilini taratibu. Nusu yake tu huchukua kama saa 30 hadi 50 kuondoka. Kwa hiyo ukiuziwa kidonge hewa, presha haitaruka siku hiyo. Itapanda kidogo kidogo, siku baada ya siku, nawe ukiendelea kumsifu muuzaji. Kinachoweza kukwambia ukweli ni mashine ya kupimia presha, na katika barua yako yote hukunitajia kipimo hata kimoja.

Boksi nalo lisikudanganye. Kuchapa boksi ni rahisi kuliko kutengeneza dawa, na mghushi huanzia hapo. Mteja mmoja aliwahi kuniwekea kaunta boksi zuri kabisa, herufi zimenyooka, lakiri haijaguswa. Nilipotoa vidonge, namba ya toleo iliyogongwa kwenye foili haikulingana na ya kwenye boksi, na tarehe ya kuisha muda ilipishana kwa mwaka mzima. Nikamwonyesha. Akanijibu: "Lakini imenisaidia." Na hata dawa ikiwa halisi, hujui ilikolala. Iliyoandikwa itunzwe chini ya nyuzi 30 huenda ilishinda juani ndani ya gari lililofungwa vioo.

Sasa hicho kichupa cha zawadi, ambacho umekitaja kama nyongeza tu, ndicho kilichonishtua zaidi. Vidonge vya "mitishamba" vya kupunguza unene vimekutwa mara nyingi vikiwa na sibutramine, dawa ya kukata hamu ya kula, isiyoandikwa popote. Hiyo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na inapandisha presha. Ndiyo, presha ile ile unayoitibu. Mtu anayempa mgonjwa wa presha kitu kama hicho bila kumuuliza swali hata moja, mimi simwiti mkarimu. Mchezo huo huo uko kwenye "mizizi" ya nguvu za kiume: ndani wanaficha sildenafil, dawa iliyomo kwenye Viagra, na mzee anayetumia nitrati kwa maumivu ya kifua akiimeza, presha yake inaporomoka kiasi cha kumuua. Neno "asili" kwenye lebo halijapimwa na mtu yeyote.

Wala usidhani mambo haya ni ya vidonge vya bei chee peke yake. Mwaka 2023 nchini Austria watu kadhaa walilazwa baada ya kujidunga kalamu walizoamini ni Ozempic, sindano ya kisukari ambayo wengi huitafuta ili wapungue unene. Sukari yao ilishuka vibaya, kukawa na degedege, dalili zilizoonyesha kwamba ndani huenda mlikuwa na insulini. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia. Kalamu moja si kitu cha bei rahisi. Bado walioghushi walipata wateja.

Sipingi famasi za mtandaoni, zipo halali. Halali itakudai cheti cha daktari, ina mfamasia unayeweza kuongea naye, na jina lake limo kwenye orodha ya mamlaka ya dawa. Orodha hiyo itafute mwenyewe, usiridhike na nembo iliyobandikwa kwenye tovuti, maana picha kila mtu anaweza kunakili. Kwako wewe, kutodaiwa cheti lilikuwa jambo la kufurahisha. Kwangu hapo ndipo ningefunga simu.

Kuanzia leo pima presha, asubuhi na jioni, kwa siku saba, ukiwa umeketi na kupumzika dakika tano, na uandike namba. Usikae bila dawa: nenda famasi iliyosajiliwa na cheti chako, na uulizie amlodipine ya kampuni nyingine isiyo na jina kubwa, mara nyingi bei yake ni nafuu sana na dawa ni ile ile. Vidonge vya mtandaoni usivitupe. Vitie kwenye mfuko pamoja na boksi, risiti na hicho kichupa, umpelekee mfamasia aviripoti. Kichupa usimpe jirani.