Wafungwa wa ardhi waliosimama juu ya udongo: picha iliyonivunja moyo kuliko zote

Ndugu aliyeanzisha uzi huu ameuliza ni picha gani, yaani filamu, ya sayansi ya kubuni, ya miujiza au ya mapigano iliyomvunja mtu moyo kuliko zote, na kwa sababu gani. Nimesoma majibu yote. Wengi mmesema chanzo ni pesa: bajeti ikiwa ndogo picha hutoka mbovu, na ndiyo maana sisi Waafrika picha za aina hii hatuziwezi. Hapo nimeshindwa kunyamaza. Miaka sita niliendesha kibanda cha video Maweni, hapa Malindi, na niliyoyaona kwenye yale mabenchi ni mengine kabisa.

Kibanda kilikuwa cha makuti juu na magunia pembeni, runinga moja, deki moja, na spika mbili zilizofungwa kwenye nguzo kwa kamba ya mnazi. Shilingi kumi mchana, ishirini usiku. Wateja wangu walikuwa wavuvi, hasa wakati wa kusi bahari ikichafuka na madau yakilala mchangani, makanga wa matatu, wauza mabuyu, na shule zikifungwa, watoto wasiohesabika.

Mwaka wa 2010 wale watoto walikuwa wameshikwa na katuni moja, Avatar: The Last Airbender. Nilipata diski yenye msimu wa kwanza wote, vipindi 20. Nilikuwa nikipunguza sauti na kutafsiri mwenyewe, kwa mtindo wa DJ Afro, yule Mkenya anayesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, kwa hiyo kila kipindi nilikijua kama nilikiandika mimi. Kwa asiyeijua: ni dunia ya mataifa manne, la maji, la ardhi, la moto na la hewa, na kila taifa lina watu wanaoweza kuamrisha kitu chao. Wa maji huamrisha maji, wa ardhi huinua mawe na udongo. Taifa la Moto limewavamia wenzake wote.

Kuna kipindi ambacho Taifa la Moto limewakamata watu wa ardhi. Utamfungaje mtu anayeweza kubomoa ukuta wowote kwa kukunja ngumi? Waandishi wa ile katuni walikaa wakalifikiria swali hilo. Wakawaweka wafungwa kwenye mtambo wa chuma katikati ya bahari. Hakuna udongo, hakuna jiwe, ni chuma na maji chumvi kila upande.

Sasa mimi ni mzaliwa wa Ngomeni. Ukisimama ufukweni kwetu unaiona mitambo ya San Marco, ya kurushia roketi, imesimama baharini kwa miguu ya chuma. Waitaliano waliileta miaka ya sitini, na setilaiti ya kwanza ikarushwa kutoka pale Aprili 1967, ya mwisho Machi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya kujitawala, iliondoka pale setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza duniani kuundwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei za angani peke yake. Vipimo vyake vilisaidia wanasayansi kukitambua kitu kinachoitwa Cygnus X-1 kuwa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali ambao hata mwanga hauponyoki. Baba yangu alikuwa mvuvi na alitusimulia ule mngurumo mpaka tukauhifadhi. Nasema haya ili mjue kwamba kwetu habari za roketi na nyota si hadithi za mbali, na mtambo wa chuma baharini watoto wangu wa kibandani hawakuhitaji kuelezwa. Niliwaambia tu, “Ni kama San Marco,” wakaguna wote kwa pamoja. Walielewa ule ukatili mara moja.

Kwenye katuni wafungwa wamekata tamaa. Msichana mmoja anawahutubia wasimame wapigane, na hakuna anayesimama. Baadaye makaa ya mawe ya mitambo yanarushwa juu mpaka sitahani. Makaa ni ardhi pia. Bado wanasita. Mkuu wa gereza anawacheka, anawapa mgongo, na hapo ndipo kipande kidogo cha kaa kinapompiga kisogoni. Kijana mmoja amethubutu. Watoto walipanda juu ya mabenchi. Nilivunjikiwa na benchi moja siku hiyo na sikumdai mtu.

Desemba ile nikapata filamu iliyotokana na katuni hiyo, The Last Airbender, ya watu halisi, iliyotengenezwa na M. Night Shyamalan kwa bajeti ya dola milioni 150. Nilibandika karatasi mlangoni siku tatu mapema. Watoto walikuja wameoga, wengine na kanzu zao za madrasa, wakakaa mpaka chini ya runinga.

Dakika za mwanzo tu kelele zikaanza, kwa sababu jina la stelingi, Aang, lilikuwa linatamkwa vingine, “Ong”. Niliwatuliza. Kisha kikafika kipande cha wafungwa wa ardhi. Hakuna bahari wala mtambo. Wafungwa wako nchi kavu, kambini, wamezungukwa na vilima vya udongo na mawe, na walinzi ni wachache. Aang anawakumbusha kwamba ardhi iko chini ya miguu yao.

Kijana mmoja wa darasa la tano, mtoto wa muuza viazi karai, akasimama akanigeukia. “Mjomba, si wako juu ya mchanga hawa? Mbona hawakupigana siku zote?”

Nilikosa la kumwambia. Na kabla sijalitafuta, wanaume kadhaa wakajipanga, wakapiga miguu chini, wakazungusha mikono kwa muda mrefu kama wanaocheza ngoma, na baada ya jasho lote lile kikapita kijiwe kimoja hewani, taratibu, kana kwamba kimechoka. Hakuna mtoto aliyecheka wala kupiga kelele. Walikaa kimya, na ule ukimya uliniumiza kuliko kama wangenidai shilingi zao. Wengine walitoka picha haijafika nusu.

Wakosoaji waliipiga sana, na ikapewa Razzie, tuzo ya dhihaka, ya filamu mbaya kuliko zote ya mwaka ule. Sababu zake zinajulikana. Vipindi 20, ambavyo ni zaidi ya saa saba, vimesukumwa ndani ya dakika 103, kwa hiyo watu wanasimuliana mambo badala ya kuyatenda. Tena ikageuzwa kuwa ya pande tatu (3D) baada ya kupigwa tayari. Lakini kwangu jeraha liko pale kwenye udongo. Picha ya miujiza inakwambia tangu mwanzo: katika dunia hii jambo hili linawezekana na lile haliwezekani. Mtazamaji anakubali. Ukishakubaliana naye, ukaja ukavunja mapatano mwenyewe, hata wa darasa la tano anajua amedanganywa.

Za mapigano nitazipitia haraka, maana ugonjwa wake ni mmoja: huoni nani anampiga nani. Taken 3 ina kipande cha Liam Neeson akiruka ua wa waya, sekunde chache tu, na kimekatwakatwa mara zaidi ya kumi. Makanga wangu, watu wanaoning'inia kwenye mlango wa matatu kutwa nzima na wanaojua mwili unavyoruka, walinung'unika. Ile iligharimu dola milioni 48. Linganisheni na The Raid ya Indonesia, 2011, iliyotengenezwa kwa kama dola milioni moja na kidogo. Iko Uwais na wenzake wanacheza pencak silat, mapigano ya jadi ya kwao, kamera inarudi nyuma inakuacha uone mkono, goti, ukuta. Niliirudia usiku minne kwa kuombwa.

Mara nyingine si kosa la wachezaji. Quantum of Solace, picha ya James Bond ya 2008, ilikutwa na mgomo wa waandishi wa Marekani, ulioanza Novemba 2007, na stelingi wake, Daniel Craig, mwenyewe alisema baadaye kwamba yeye na mwongozaji waliandika baadhi ya vipande huku kazi inaendelea. Inaonekana. Nawahurumia, lakini inaonekana.

Sasa hili la kwamba Waafrika hatuwezi. Rafiki aliniletea kwenye flashi filamu fupi ya Wanuri Kahiu, Mkenya mwenzetu, Pumzi, ya 2009, dakika ishirini na kidogo. Ni baada ya vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, umeme wanautoa kwa nguvu za miili yao kwenye mashine za mazoezi, na maji yanapimwa: jasho linafyonzwa, mkojo unasafishwa, vinarudi kwenye chupa. Msichana Asha anapata udongo wenye dalili ya uhai, anatoroka na mche wake kwenda jangwani. Sheria iliyowekwa mwanzoni, kwamba kila tone lina thamani, haivunjwi hata mara moja. Mwishoni maji yake ya mwisho na jasho lake anaupa mche.

Niliiweka usiku mmoja kati ya picha mbili za mapigano, bila kutangaza, nikijua watapiga mbinja. Hawakupiga. Mtaa wetu mifereji ilikuwa imekauka wiki ya pili, na mbele kabisa alikaa kijana anayesukuma mkokoteni wa maji. Asha alipokamua jasho la mwisho, yule kijana aliuinua mtungi wake mdogo wa kunywa, akautazama, akaurudisha chini bila kunywa.

Kwa hiyo ndugu, ukitaka kuhakikisha niliyosema, tafuta kile kipindi cha katuni cha wafungwa wa baharini, kisha kipande chake kwenye filamu ya 2010. Vitazame usiku mmoja, na kama una mtoto nyumbani mkalishe karibu, umsikilize atakachouliza.