Jibu: Kwa nini Okt 31 = Des 25?
Ndugu, umeuliza kwa nini watengenezaji wa programu husema Halloween (sikukuu ya mizimu ya 31 Oktoba) na Krismasi ni siku moja. Ni hesabu tupu! "Okt" ni Oktoba, lakini pia ni oktali, yaani namba za kizio cha nane, zinazohesabiwa kwa makundi ya nane badala ya kumi. "Des" ni Desemba, na pia desimali, kizio cha kumi. Sasa 31 ya kizio cha nane ni 3 mara 8, jumlisha 1: unapata 25. Naupenda sana utani huu kwa sababu hata kwa Kiswahili haupotezi ladha. Mimi nilielezwa ndani ya basi la Moshi, tukienda kula Krismasi nyumbani. Jirani yangu aliichora hesabu kwenye vumbi la kioo, abiria wa nyuma wakamwomba arudie.