Msianze na Kwihara

Mmeuliza: mgeni mwenye siku moja tu Tabora aanzie wapi kuona historia? Najua wengi watajibu Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alimokaa mvumbuzi Livingstone. Mimi nasema hapana. Mji huu umesimama juu ya mabega ya Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, mzigo wa frasila mbili, kilo thelathini na ushee kwa mtu, halafu mgeni tunamkimbiza kwa Mzungu mpita njia!

Nilimpeleka huko shemeji yangu, Mzaramo, kwa hiyo mtani wangu. Bajaji ilitutikisa kwenye vumbi mpaka tukafika. Akashika ule mlango wa nakshi, akanigeukia: "Shemeji, huu mlango wa pwani, wa kwetu. Nyie Wanyamwezi chenu hapa kipi?" Nilicheka, ila ilinichoma. Ndani nikawa natafuta cha kumjibu. Mwongozaji akaeleza kwamba Stanley, mwandishi aliyekuja kumtafuta Livingstone, alimwacha hapo Machi 1872, naye akakaa hadi Agosti.

"Alikuwa anaumwa?" shemeji akauliza.

"Alikuwa anasubiri wapagazi."

Nikatanua kifua. "Umesikia? Miezi mitano kakaa, bila mabega haendi popote!"

Akanijibu papo hapo: hao wapagazi si walitumwa kutoka pwani? Mwongozaji akakubali, ndiyo, Stanley aliwatuma kutoka Unguja. Basi tulizozana njia nzima hadi sokoni, tukanunua asali na matobolwa tukizozana, na dereva wa bajaji, mtu wa Tabora kabisa, akawa upande wake!

Lakini mabishano hayo tungeyapata wapi pengine? Basi nendeni Kwihara, tena asubuhi, jua halijawa kali, mradi muulize habari za wapagazi kabla ya habari za Livingstone. Mkipata mwongozaji asiyezijua, siku imeharibika na msinilaumu. Habari za Isike, mtemi wa Wanyamwezi aliyejilipua kwa baruti Januari 1893 Wajerumani walipoingia ngomeni mwake, msimulieni mgeni mkiwa njiani. Boma la Mjerumani ni la jeshi, litazameni kwa mbali, simu mfukoni. Shule aliyosoma Nyerere, mkiwa na nafasi. Jioni malizieni stesheni: reli ilifika Tabora 1912, nayo ndiyo iliyowatua watu mizigo. Shemeji anasema iliwanyima kazi. Hilo bado hatujalimaliza.