Mabiringanya ya miso

Mwanangu,

Baada ya salamu, huku Tanga sote wazima. Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti nikacheka peke yangu jikoni. Ati yale mabiringanya ya miso, ile soya ya kupondwa na kuchachushwa kwa chumvi, niliyokuwa nikiwapikia tulipokaa Sendai huko Japani, ukiyapika wewe huko Nagoya yanashika kikaangoni, yanatoka machungu, chumvi imekolea, na unaniuliza kama kuna kitu nilikuwa natia nikawaficha. Hakuna. Angalia miso unayonunua na wakati unaoitia.

Miso ya Sendai ni nyekundu, ya soya na mchele. Mchele ule kwanza huoteshwa ukungu wanaouita koji, na koji ndiyo inayogeuza wanga kuwa sukari. Huko kwenu Aichi, mkoa wenye Nagoya, mazoea yao ni miso ya soya tupu, mchele hamna hata chembe. Ile iitwayo Hatcho, ya mji wa Okazaki, hukaa kwenye mapipa makubwa ya mbao, mawe yamerundikwa juu yake, miaka miwili na zaidi. Ndiyo maana unaiona nyeusi na ngumu, na ina uchungu na ukakasi wake yenyewe hata kabla hujawasha jiko. Utamu wa mchele haumo, basi uutie wewe. Kwa ile ya Sendai nilikuwa natia sukari nusu ya miso. Kwa hiyo yako tia sawa kwa sawa, wala usiionee sukari haya.

Sasa kushika. Miso ikigusa chuma chenye moto mkali haichelewi kuungua. Wewe unaichota na kijiko unaitupia bonge zima kikaangoni, nimekusikia unavyoeleza. Bonge linatulia pale pale, chini linaungua, juu bichi. Kwa hiyo ikoroge kwanza kwenye bakuli: miso kijiko kimoja na nusu cha chakula, sukari vivyo hivyo, maji vijiko vitatu, tangawizi ya kukuna kidogo. Hiyo ya kwenu ni ngumu, iponde na mgongo wa kijiko, maji uyatie kidogo kidogo mpaka mabonge yaishe. Wenyeji hutia sake, pombe ya mchele, na mirin, ile tamu yake, mahali pa maji. Mirin halisi ina kileo asilimia 14 hivi, sisi tuiache. Mng'ao utapungua kidogo, ladha utaipata.

Kipimo hicho kinatosha mabiringanya matatu ya Kijapani, yale membamba, na hoho ndogo tatu, pamoja na nusu ya paja la kuku lisilo na mfupa. Majirani zetu walitumia nguruwe, lakini kuku anakubali sana.

Biringanya ndilo lenye kazi. Linakunywa mafuta bila kiasi, ukiongeza linakunywa tena. Likate vipande, yapake yote mafuta ndani ya bakuli, vijiko viwili vinatosha, uchanganye kwa mkono mpaka kila ganda ling'ae. Kisha yalaze kikaangoni ganda likiwa chini, ndipo zambarau yake inabaki. Ukianza na upande wa ndani ganda linafifia, linakuwa kama kahawia iliyochujuka. Funika, moto wa wastani, baada ya dakika tatu yageuze. Choma kipande na kijiti cha kulia: kikizama bila kubisha, yatoe uyaweke kando.

Kuku aive kwenye kikaango hicho hicho, moto mkali, halafu hoho, nazo usizilegeze. Rudisha mabiringanya. Hapo ndipo unapunguza moto, unakoroga bakuli lako tena kwa sababu miso imeshatuama, na unamimina. Geuza haraka. Utaona mapovu mazito yanapanda, mwiko ukipita chini unaacha njia nyuma yake. Zima hapo hapo. Haizidi dakika moja. Chumvi usitie kabisa, soya sosi nayo iache chupani, miso inajitosheleza.

Kabeji likiwa rahisi sokoni kuliko biringanya, rojo hilo hilo linafaa, tena miso nyeusi ndiyo inayolipenda zaidi.

Jambo moja la pakiti. Kabla hujanunua, soma nyuma. Ukiona herufi hizi 酒精, shusei, wametia kileo ili miso isiendelee kuchacha na kuvimbisha pakiti. Masheikh wana maneno yao juu ya hilo. Mimi nilichagua isiyo nayo. Nyingi za hizo zina kitundu cha kupumulia, kwa kuwa miso hai hutoa hewa. Hatcho halisi mara nyingi ni soya na chumvi tu, lakini iliyoandikwa akadashi imechanganywa na vitu vingine, hiyo isome kwa makini. Herufi zikikushinda, piga picha utume. Baba yako bado anazisoma, na anatafuta kisingizio cha kukupigia simu.

Wasalaam,
Mama yako