Kabla Hujalipachika Jina Jiwe la Kijani

Wadogo zangu mnaotoka Geita au Kahama kuja kwenye kazi za kutafuta fedha huku Nevada, Marekani (fedha madini, siyo zile mnazotuma nyumbani), jiwe la kwanza litakalowapumbaza ni la kijani. Mtaliona mseme, aa, hili tunalijua. Hamlijui. Mawe ya kijani ya kwetu Kanda ya Ziwa yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, yamekandamizwa chini kabisa ya ardhi. Haya ya Virginia City, kwenye mshipa maarufu wa fedha wa Comstock, ni mawe ya volkano ya juzi tu, yapata miaka milioni 15, na ukijani wake una chanzo kingine.

Wiki yangu ya pili nilipewa masanduku ya mwamba uliochorongwa niyaandikie maelezo. Juu palikuwa na andesaiti, mwamba wa volkano, ya kijivu, chini yake jiwe la kijani. Nikapiga mstari, nikaandika "mwamba mpya", nikaupa hadi alama yake kwenye ramani. Mzee aliyenisimamia akachukua kipande, akakilowesha, akanipa lenzi. Vile vistatili vya madini ya feldispa nilivyoviona juu vilikuwa vile vile, ila vimepauka kama maziwa. Vijiti vyeusi vya madini ya honiblendi navyo vilikuwa na umbo lile lile, ndani vimegeuka kloraiti, madini ya kijani. "Hujavuka mwamba," akaniambia. "Umeingia jikoni."

Nilifarijika kidogo aliponisimulia kwamba kosa hilo lina wakubwa wake. Mwaka 1865 Mjerumani Ferdinand von Richthofen alichunguza Comstock, akaliona jiwe hilo la kijani kuwa aina ya pekee ya mwamba wa volkano, akaliita propilaiti. Mwaka 1882 George Becker wa idara ya jiolojia ya Marekani akaonyesha kuwa ni miamba ile ile ya kawaida iliyopikwa na maji moto. Jina halikufa, lakini leo tunalitumia kutaja mapishi, siyo jiwe. Kwa hiyo kwenye daftari lako weka safu mbili: moja ya jiwe lilivyozaliwa, nyingine ya lilivyobadilika. Usizichanganye hata siku umechoka.

Ndugu zetu Wakenya waliopitia visima vya jotoardhi vya Olkaria hapa wana nafasi ya mbele. Kule wameshazoea kusoma joto kwenye madini: ukikuta madini yaitwayo epidoti, maji yalipita hapo yakiwa na nyuzi za Selsiasi 240 na zaidi. Na jirani tu na Virginia City kuna Steamboat Springs, chemchemi za maji moto zilizoacha chembechembe za dhahabu na fedha kwenye utando wake, na pana mitambo ya umeme wa jotoardhi vilevile.

Sasa mshipa wenyewe. Waliowahi kuchemsha maji ya kisima cha Dodoma wanaujua ule ukoko mweupe ndani ya birika. Maji yakichemka gesi inatoroka, na chokaa iliyokuwa imeyeyuka inakosa wa kuibeba, inaganda. Chini ya volkano ni hivyo hivyo: maji moto yanapanda kwenye ufa, uzito wa juu unapungua, yanachemka, na karibu na hapo yanatua mzigo wake wa madini. Alama yake ni kalsaiti, yaani ile chokaa, iliyoganda kama nyembe zilizopishana. Mara nyingi kwatzi imekuja baadaye ikaila na kubakiza umbo. Ukiziona nyembe za kwatzi, piga picha, andika kina, chukua sampuli hata kama hakuna kinachong'aa.

Hasa kama hakuna kinachong'aa. Mwaka 1859 wachimbaji wa pale walikuwa wakiosha dhahabu huku wakilaani tope zito la rangi ya bluu-nyeusi lililoziba vifaa vyao, wakalitupa. Lilipopimwa California likakutwa limejaa fedha. Ule weusi ni akantaiti, fedha iliyoungana na salfa. Laini, kisu kinaikata kama madini ya risasi, haipasukipasuki kama yale madini ya pairaiti. Mimi hujaribu kila doa jeusi kwa ncha ya kisu.

Bosi akisema "tuongeze kina", uliza kwanza maji yalichemkia kina gani. Comstock ina urefu wa kilomita kadhaa, lakini utajiri ulikuwa kwenye mafungu machache ya mawe yenye fedha. Fungu kubwa kuliko yote, la mwaka 1873, lilikuwa karibu futi 1,200 chini, na juu ya ardhi hapakuwa na dalili yake. Wenye migodi wakahamasika, wakashuka kupita futi 3,000, wakakutana na maji ya kuunguza, wafanyakazi wakigawiwa barafu ili waweze kusimama. Huko chini fedha ya kulipa gharama haikuwepo. Handaki la Sutro la kutoa maji lilifika mwaka 1878, karamu ikiwa inaisha.

Mashimo ya kale msiyaingie, mbao zimeoza. Njooni na lenzi ya kukuza mara kumi, kisu, na chupa ya kunyunyizia maji. Kuanzia Novemba chupa ilale ndani ya nyumba. Ukiiacha kwenye gari, asubuhi utakuta donge la barafu.