Toba ya kitandani, paini za shangazi na swali la mama

SWALI: Shikamoo mchungaji. Baba yangu mdogo alitengwa na usharika miaka mingi kwa ajili ya ulevi. Tena alijitwalia eka mbili ambazo babu alimpa shangazi aliporudi nyumbani baada ya kufiwa na mumewe. Akapanda paini, shangazi akabaki analima vibarua. Mwaka huu alilazwa kwa ugonjwa wa ini. Siku mbili kabla hajafariki aliomba aitiwe mchungaji, akatubu, akapewa Chakula cha Bwana. Mazishini tukatangaziwa kwamba yuko mbinguni. Jirani yetu Mkatoliki anasema yuko toharani. Kaka yangu, ambaye ni mlokole, anasema ile haikuwa toba, alikuwa anaogopa kufa tu. Mama yangu ameongoza wanawake wa usharika tangu mimi mdogo. Tuliporudi kutoka makaburini aliniuliza, "Sasa mimi nilikuwa nahangaikia nini?" Naomba jibu la kitaalamu: nani yuko sahihi? Na ingekuwaje kama angekuwa hajitambui? (Msomaji, Njombe)

JIBU: Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Mimi ni Mlutheri, nafundisha theolojia na ninahudumu hospitalini, kwa hiyo mtaniona ninaegemea wapi. Nitajitahidi kuwatendea haki jirani na kaka.

Nianze na jirani, maana hilo ni jepesi. Yeye na mchungaji wenu hawapingani kama mnavyodhani. Watu wengi, Wakatoliki wenyewe wakiwemo, huiona toharani kama mahali pa kungojea rufaa isikilizwe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992, aya ya 1030, inasema ni utakaso wa wale waliokufa katika neema ya Mungu, ambao wokovu wao wa milele una hakika lakini bado hawajatakata kabisa. Aliyesema "yuko toharani" amekwisha kukiri kwamba baba yenu mdogo ameokolewa. Sisi Waprotestanti fundisho hilo hatulipokei, na Waorthodoksi wanawaombea marehemu wao bila kulieleza jambo hili jinsi Roma inavyolieleza. Hata hivyo hapo hakuna anayemtupa mtu nje.

Hoja ya kaka yako ni nzito zaidi, na ni ya zamani sana. Mwaka 314 maaskofu waliokutana Arles, kusini mwa Ufaransa ya leo, waliamua kwamba mtu aliyeikana imani, asitubu wakati ana afya, halafu aje kuomba ushirika akiwa mgonjwa, asipewe mpaka apone na kuonyesha matunda ya toba. Miaka hiyohiyo mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Neokaisaria ulikataza aliyebatizwa akiwa mgonjwa asifanywe kasisi, kwa kuwa imani yake huenda ilitokana na kubanwa na hali. Na watu walikuwa wanachelewesha kweli. Konstantino, mfalme aliyeuitisha Mtaguso wa Nikea, alibatizwa mwaka 337 akiwa karibu kufa.

Lakini angalieni kanisa lilikoelekea baada ya kulijadili hilo. Nikea yenyewe, mwaka 325, kanuni ya 13, iliagiza kwamba anayekufa asinyimwe ushirika wa mwisho. Mwaka 428 Papa Selestino wa Kwanza aliwaandikia maaskofu wa kusini mwa Gaul, yaani Ufaransa ya leo, kwa ukali, kwa sababu baadhi yao walikuwa wanawanyima toba watu walio kufani. Kwao huo haukuwa ulegevu. Waliona kwamba anayemfungia mlango mtu anayekata roho amejitwalia kazi ambayo hakupewa.

Sasa, je, hofu inaharibu toba? Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki, katika kikao chake cha 14 mwaka 1551, ulitofautisha majuto kamili, yanayotokana na kumpenda Mungu, na majuto yasiyo kamili, yanayotokana na kuuona ubaya wa dhambi au kuogopa jehanamu. Hata haya ya pili uliyaita zawadi ya Mungu, yanayomwandaa mtu kuipokea neema katika sakramenti ya Kitubio. Upande wetu, Ungamo la Augsburg la 1530, yaani tamko la imani la Walutheri, kifungu cha 12, linakwenda mbele zaidi: toba ina sehemu mbili, na sehemu ya kwanza ndiyo hiyo hofu inayoipiga dhamiri mtu anapoitambua dhambi yake. Sehemu ya pili ni imani, yaani kushika kwamba kwa ajili ya Kristo amesamehewa. Kifungu hichohicho kinasema walioanguka baada ya ubatizo husamehewa wakati wowote wanapogeuka. Wakati wowote. Kwa hiyo kaka akisema "aliogopa", namjibu: sawa, aliogopa, na mimi nitaogopa. Swali ni alikimbilia wapi na hofu yake.

Mnamjua mhalifu wa Luka 23, aliyesulubiwa pamoja na Yesu. Huwa tunalikumbuka lile jibu, "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi", tukaruka alichokifanya kabla yake. Alimkemea mwenzake. Alikiri kwamba adhabu yake ni halali. Alimtetea Yesu wakati wanafunzi wengi walikuwa wamekwisha kukimbia. Halafu ndipo akaomba akumbukwe. Kwa mtu aliyegongomelewa, hayo ndiyo matunda yote ya toba aliyoweza kuyazaa, na aliyazaa. Wahubiri wanaomtumia kuonyesha kwamba mtu anaweza kuokolewa bila kubadilika hata chembe hawajamsoma vizuri.

Hospitalini kazi hii haina fahari yoyote. Mgonjwa ana barakoa ya oksijeni, hawezi kusema sentensi nzima, na ndugu wanne wamesimama miguuni pa kitanda. Kwanza nawaomba ndugu watoke, kwa upole, hata wakinuna. Kisha namuuliza mgonjwa maswali mafupi ambayo anaweza kuyajibu kwa kunibana mkono: Unajutia dhambi zako? Unaamini Kristo alikufa kwa ajili yako? Kuna mtu unataka aitwe? Hilo la tatu ndilo linalotoa machozi mara nyingi kuliko yote. Siwaulizi wagonjwa historia ya maisha yao, wala siwapimi kama wanatubu kwa moyo. Sina kipimo hicho.

Akiwa hajitambui? Kwa Wakatoliki padri anaweza kumpa Mpako wa Wagonjwa mtu aliyepoteza fahamu, mradi ichukuliwe kwamba angeutaka kama angekuwa na fahamu zake. Sisi tunasoma Neno, tunaomba, tunamkabidhi kwa Mungu, na tunasema naye kwa sauti kana kwamba anasikia, maana huenda anasikia. Chakula cha Bwana hatumpi asiyeweza kupokea. Baba yenu mdogo alikuwa amebatizwa, na kutengwa hakukufuta ubatizo wake. Ahadi aliyopewa utotoni ilikuwa inamngoja miaka yote aliyokuwa kilabuni. Na yule anayekufa ghafla barabarani, bila mchungaji wala padri, tunamwacha mikononi mwa Mungu aliyemwumba, bila kubuni jibu.

Jambo moja tu nisingelisema kama mwenzangu alivyolisema makaburini. Tunatangaza msamaha wa Kristo kwa aliyetubu, tunautangaza kwa ujasiri, na tunamzika katika tumaini la ufufuo. Kutoa hukumu kwamba fulani yuko mahali fulani ni kupita mipaka ya cheo chetu, iwe ni mbinguni au kwingineko.

Tuje kwa mama, kwa sababu nadhani swali lake ndilo lililokufanya uandike. Paulo anasema mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria (Warumi 3:28). Yakobo anasema huhesabiwa haki kwa matendo, si kwa imani peke yake (2:24). Wote wawili wanamtaja Abrahamu. Paulo anachukua Mwanzo 15, wakati Abrahamu anaamini kabla hajatahiriwa, kwa sababu anabishana na watu waliotaka kuwatahiri wa mataifa ndipo wahesabiwe kuwa wa Mungu. Yakobo anachukua Mwanzo 22, Abrahamu yuko mlimani na Isaka, kwa sababu anabishana na mtu anayemwambia ndugu asiye na nguo, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba", halafu hampi kitu. Mmoja anajibu swali la namna mtu anavyoingia, mwingine anauliza kama kweli ameingia.

Juu ya hayo Walutheri na Wakatoliki walivutana karibu miaka mia tano, wakalaaniana kwa maandishi. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Fungamano la Kilutheri Duniani na Kanisa Katoliki walitia saini Tamko la Pamoja: tunakubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, kwa imani katika kazi ya Kristo, bila stahili yoyote yetu, naye Roho Mtakatifu hutufanya upya na kutuita kwenye matendo mema. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006, na makanisa ya Reformed, yaani ya mapokeo ya Calvin, mwaka 2017. Zimebaki tofauti, hasa kuhusu neno "stahili", lakini mtu anayewaambia kwamba Wakatoliki hujinunulia mbingu kwa matendo, au kwamba Walutheri huyadharau matendo, anawapa habari za zamani.

Kwa hiyo mama hakuwa anapanga foleni. Kama alikuwa anaweka akiba ya kumfikisha mbinguni, basi ndiyo, baba mdogo amepita bila kulipa na mama ana haki ya kukasirika, kama wale vibarua wa Mathayo 20 waliostahimili taabu na hari za mchana kutwa wakalipwa dinari ileile waliyolipwa waliokuja jioni. Yesu aliutunga mfano ule akijua utauma. Lakini mimi nadhani mama hakuwa anaweka akiba. Nadhani amechoka, na mazishini hakuna aliyemtaja. Muulize ni wangapi amewauguza, ni maharusi wangapi amewafunda, ni watoto wa nani waliokula kwake baba yao alipokuwa hajarudi nyumbani. Waefeso 2 inasema hatuokolewi kwa matendo, na mstari unaofuata unasema tuliumbwa katika Kristo tutende matendo mema. Watu walioguswa na matendo hayo wapo, wanatembea hapo kijijini. Baba mdogo amesamehewa, naamini hivyo, lakini miaka ile hakurudishiwa, na wanawe wanajua walivyoishi. Akikuuliza tena, msomee maneno ya baba kwa mwana mkubwa katika Luka 15: "Mwanangu, wewe u pamoja nami sikuzote, na vyote nilivyo navyo ni vyako." Na tafadhali mtafutie nafasi ya kupumzika.

Nimeziacha paini mwisho, ingawa wewe umezitaja kwa kupita tu. Msamaha alioupata baba mdogo haukuhamisha umiliki wa zile eka mbili. Ziko palepale, na miti iko juu yake. Zakayo alisimama akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini na kurudisha mara nne alichonyang'anya, ndipo Yesu akasema wokovu umefika katika nyumba hii. Sheria ya Hesabu 5 ilidai mkosaji aungame, arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Katekisimu ya Wakatoliki, aya ya 1459, inasema ondoleo la dhambi huiondoa dhambi lakini halirekebishi madhara yote iliyoyaleta, na inataja wazi kurudisha vitu vilivyoibwa. Na kaka yako ndiye angepaswa kulisema hili wa kwanza, kwa kuwa walokole wa ule uamsho ulioenea kutoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 walijulikana kwa kurudisha walivyoiba, kuanzia kuku hadi zana za mwajiri. Ameshughulika na moyo wa marehemu, ambao hawezi kuuona, akaacha shamba linaloonekana kutoka barabarani.

Marehemu alikuwa na siku mbili na ini lililoshindwa. Huenda hakuweza. Wanawe wanaweza. Hawarithi dhambi ya baba yao, lakini wakivuna huku wanajua shamba ni la nani, kosa hilo litakuwa lao wenyewe. Itisheni kikao cha ukoo kabla ya kumaliza arobaini, shangazi awepo na aseme mwenyewe, aliyesikia babu akimpa aseme alichosikia, kisha mwende kwa mwenyekiti wa kijiji mambo yaandikwe. Kuhusu miti mnaweza kuelewana, kwa mfano wavune kwa mgawo na ardhi irudi kwake. Hilo ni la shangazi kuamua, wala msimharakishe kusema "nimesamehe" kabla hajarudishiwa kitu. Mchungaji wenu akiombwa kuwepo, hana sababu ya kukataa. Ila mnunuzi wa mbao asiingie shambani kwanza, kwa sababu fedha za paini zikishagawanywa kwa watoto watano hakuna kikao kitakachozirudisha.