Ukifika Chicago, Itembee Grant Park Mpaka Mwisho

Ndugu na marafiki wakija Chicago huulizia kwanza Cloud Gate, lile umbo kubwa la chuma kinachong'aa ambalo kila mtu hupiga nalo picha. Ni zuri, na kuliona ni bure. Lakini ukishapiga picha, usikimbilie madukani. Shika njia ya kusini, uingie Grant Park yenyewe, na uitengee asubuhi nzima.

Anzia Michigan Avenue. Zamani Ziwa Michigan lilifika karibu na hapo. Miaka ya 1850 reli ilijengwa juu ya nguzo ndani ya maji, na kati ya reli na nchi kavu pakabaki maji yaliyotuama. Moto mkubwa wa 1871 ulipoteketeza mji, kifusi cha majengo kilimwagwa humo. Kufukia kukaendelea miaka na miaka, na leo bustani ina takriban hekta 130. Ukivuka daraja lolote kuelekea ziwani, simama utazame chini: treni bado zinapita. Hapo ndipo wageni wangu huanza kuamini kwamba wanakanyaga palipokuwa maji.

Uwazi wa bustani hii ulipiganiwa. Ramani ya 1836 iliandika kwamba eneo hilo ni la umma, lisijengwe kitu daima. Majengo yalipoanza kupangwa, mfanyabiashara Aaron Montgomery Ward alikwenda mahakamani mwaka 1890, na kesi zikaendelea hadi 1911. Wakubwa wengi wa mji hawakumpenda kwa hilo. Mimi nikikumbuka fukwe zetu za Dar es Salaam na Mombasa zinavyozungushiwa kuta, namheshimu sana mtu yule.

Chemchemi ya Buckingham, iliyofunguliwa 1927, iende jioni. Kuanzia Mei hadi katikati ya Oktoba maji hurushwa juu sana kila saa mpya inapoanza, na giza likiingia huwashwa taa za rangi. Kate Buckingham aliutolea mji zawadi hiyo kwa kumkumbuka kaka yake, Clarence.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki, upande wa kusini una mambo yetu. Katika uwanja wa Hutchinson, usiku wa tarehe 4 Novemba 2008, Barack Obama alihutubia umati baada ya kushinda urais. Mbio za marathoni za Chicago humalizikia ndani ya bustani hii, na hapo ndipo Mkenya Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya dunia Oktoba 2023, kwa saa 2 na sekunde 35. Ukiendelea utafika Field Museum, jumba la makumbusho. Humo kuna kiingilio, lakini lipa, kwa sababu simba wawili wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898 wamo humo, madume yasiyo na manyoya shingoni. Watoto hawabanduki hapo.

Chukua jaketi hata kama ni Juni, maana upepo wa ziwani huwa baridi kuliko wa mjini. Lake Shore Drive ivuke penye taa tu. Magari hapo yanakwenda kasi. Na kabla ya kukata tiketi ya ndege, angalia tarehe za tamasha la muziki la Lollapalooza, mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti. Siku hizo sehemu kubwa ya bustani huzungushiwa uzio, na asiye na tiketi ya tamasha haingii.